Mwaka wa Mlango wa Uani

Zuhura hakunisalimia. Baada ya miaka arobaini na ushei ya kukwepana, alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nachagua mchele, akaniita Shiro, jina ambalo siku hizi hakuna anayelikumbuka, akauliza swali moja tu: "Wewe ndiye uliyemuuzia mama yangu santuri?" Mamake alikuwa amefariki. Hilo nilikuwa nimelisikia, na kwa woga wangu sikwenda hata kuwapa pole. Sasa arobaini ilikuwa imesomwa, wanawe wamefungua sanduku lake la mbao ili wagawane leso na vikombe, na chini kabisa wamekuta santuri imefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, haijawahi kufunguliwa. "Nyumba yetu haikuwahi kuwa na gramafoni," Zuhura akasema. "Na hilo fundo la kamba nalijua ni la nani. Njoo Majengo uniambie." Akakata. Nikabaki na ungo mapajani, mguu wangu wa kulia ukitikisika wenyewe, kama unavyotikisika tangu ujana wangu kila nikijua nimekosa.

Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kutulia. Mwaka huo, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nilikuwa nimeshaacha kazi tatu: ya kushona vifungo, ya kuosha vyombo hotelini, na ya kulea watoto wa mwalimu mmoja kule Jericho, ambaye aliniambia waziwazi kwamba nina siafu miguuni. Januari nikaandikwa kazi katika duka la santuri la Bwana Githinji, barabarani kati ya Majengo na Shauri Moyo. Lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji nyekundu. Majalada ya albamu yalining'inizwa ukutani kwa vibanio vya nguo, na nyuma kulikuwa na kibanda cha mbao, chembamba cha kumtosha mtu mmoja aliyesimama, ambamo mteja alivaa visikizio masikioni akaonja wimbo kabla ya kuununua. Bwana Githinji alikuwa mtu wa kofia pana na maneno machache. Alinipa sheria moja tu: "Mteja akiuliza kitu kuhusu santuri, mwambie ilivyo. Asije akafika nyumbani akakuta nyingine." Nikacheka moyoni. Nilidhani hiyo ndiyo sheria rahisi kuliko zote duniani.

Santuri mpya zililetwa Ijumaa mchana kwa pikapu, na mimi ndiye niliyefungua maboksi. Hebu fikiria raha hiyo! Mimi, msichana wa kulala kitanda kimoja na wenzangu wawili Shauri Moyo, niliyasikia mapya ya dunia nzima kabla ya mtu yeyote wa Eastlands. Kulikuwa na rumba kutoka Kongo, gitaa tatu zikizungumza na hakuna anayemkatiza mwenzake. Kulikuwa na benga ya kutoka ziwani, iliyomfanya fundi viatu wa pale nje apigilie misumari kwa mwendo wake. Kulikuwa na muziki wa soul na disko za Amerika, majalada yao yamejaa vijana wenye nywele za duara, na rege iliyoanza kuingia kidogo kidogo. Taarabu ililetwa kutoka pwani, kwaya zililetwa kabla ya Pasaka na Krismasi, na zilikuwapo nyimbo za wachunga ng'ombe wa Kimarekani, ambazo wazee wa Murang'a na Nyeri walizipenda hata wakaja kuzinunua wamevaa kofia za kufanana nazo. Bwana Githinji mwenyewe alikuwa wa hao wachunga ng'ombe. Akizisikiliza alifumba macho, na ukimwita hakuitika.

Jumamosi saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa saa yetu. Kila duka la santuri barabara ile lilitoa spika dirishani na kupiga albamu yake mpya, na watu waliotoka sokoni Gikomba na vikapu vyao walisimama mbele ya duka lililowashika zaidi. Hakukuwa na hakimu ila miguu ya watu. Ng'ambo yetu kulikuwa na duka jingine, na kijana aliyeuza pale alikuwa na maneno ya karaha. "Niaje, Shiro!" alinipigia kelele kila mara. "Leo mmeleta kwaya tena? Ama ni wale ng'ombe wa fathe yenu Githinji?" Watu walicheka, na masikio yangu yaliwaka siku nzima. Nilitaka kushinda. Sasa nina wajukuu, na ninaona haya kusema kwamba katika mwaka ule hakuna kitu nilichokitaka kama kumshinda yule kijana, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Zuhura alianza kuja Ijumaa moja ya Machi. Aliingia na buibui lake, akaomba kuonja albamu ya taarabu, kisha rumba, kisha disko, akakaa kibandani mpaka nikamsahau. Halafu nikasikia. Mtu aliyevaa visikizio hajisikii mwenyewe, kwa hiyo alikuwa akiimba kwa sauti yake yote huku akidhani ananong'ona. Niliacha kufuta vumbi. Haki ya Mungu, vinyweleo vya mikono vilinisimama. Alipotoka na kuniona nimekodoa macho, alinishika mkono kwa nguvu. "Hukusikia kitu," akasema. "Nimesikia," nikamjibu. Tukacheka wote wawili, na tangu siku hiyo Ijumaa zangu zilikuwa zake.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini aliogopa. Mamake, Bi Nuru, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Zuhura, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa harusi za Majengo, zile za wanawake peke yao, uani, pazia limeshushwa na wanaume wamefukuzwa hadi barabarani. Bintiye alikuwa ameanza kumwitikia tangu akiwa na miaka saba. Wanawake wote wa pale waliijua sauti ya Zuhura kama wanavyojua harufu ya pilau, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kuisikia. Nilikuwa nikienda kwao Jumapili baada ya kanisa. Tulikaa kwenye mkeka, ukutani kuna picha ya Makka, na Mama Zuhura alitulisha mahamri na mbaazi za nazi, mikono yake haikomi kukanda unga wa kesho yake. Alikuwa mcheshi. Aliniuliza kama Wakikuyu wanajua kupika kitu chochote bila viazi. "Kula, mwanangu, kula, umekonda kama mpini." Lakini siku moja nikiwa uani naosha mikono nilimsikia akimwambia jirani yake, "Watu wananiambia binti yako apelekwe redioni. Sauti nimempa mimi, lakini sikumpa akaianike barabarani. Akitoka na hiyo sauti kwa mlango wa mbele, kwangu asirudi." Jirani alisema Mungu apishe mbali. Sikumwambia Zuhura nilichosikia, maana yeye alikuwa akikisikia kila siku.

Mwezi wa Juni kiongozi wa bendi iitwayo Mwendo Mrefu, mpiga gitaa mpole mwenye ndevu, alikuja dukani kutuletea santuri zake ndogo za wimbo mmoja mmoja, akamkuta Zuhura kibandani. Alisimama na boksi mikononi mpaka wimbo ukaisha. Alikuwa anatafuta sauti ya kike kwa albamu yao ya kwanza, na wiki mbili nzima alimbembeleza kupitia kwangu. Zuhura alikataa, akakubali, akakataa, halafu akamdanganya mamake kwamba anasoma taipu mjini. Mimi nilimsindikiza studio kila mara. Siku ya kwanza alisimama mbele ya maikrofoni, wanaume watano wakimtazama na gitaa zao, na sauti ikakataa katakata kutoka. Hajawahi kuimba mbele ya mwanamume, atatoa wapi? Mwishowe nikavua leso niliyojifunga, tukaitundika kwenye waya kati yake na wao, na nyuma ya leso hiyo akaimba. Mpiga ngoma aliacha vijiti vikaanguka. "Ngai!" akasema, na yeye hata hakuwa Mkikuyu.

Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, ulioitwa "Mlango wa Uani", na ulikuwa mrefu, umekatwa mara mbili kama nyimbo nyingi za siku zile: sehemu ya kwanza ilifunga upande wa kwanza wa albamu, na sehemu ya pili ilifungua upande wa pili. Kila mtu wa Eastlands alijua mpango huo. Sehemu ya kwanza ni ya pole pole, hapo mtu hulia na kulalamika. Ukigeuza, gitaa hukaza mwendo, na hapo mwimbaji hushukuru na kutaja majina ya watu anaowaheshimu. Katika ya kwanza Zuhura aliimba: Mama, mlango wa uani umeufunga, na sauti uliyonipa imebaki nje na mimi. Kwa ya pili kiongozi alimpa orodha ya majina ya kutaja, mwenye baa huyu, diwani yule. Zuhura aliirudisha. Alitaja jina moja: Bi Nuru wa Majengo, fungua, ni mimi mwanao, kila nyumba ninayoimba, ninakuimba wewe. Aliimba hayo akilia, na walimwacha alie ndani ya santuri.

Albamu ililetwa dukani Ijumaa moja ya Oktoba. Jaladani kulikuwa na wanaume watano wenye suruali pana miguuni. Jina la Zuhura halikuwapo, kama alivyoomba. Alikuja alasiri, akaishika mikononi, akainusa. Kisha akaniapisha. "Shiro, usiipige nje. Uza kwa wanaotaka, lakini spikani hapana. Jumapili ijayo nitamleta Mama hapa duka likiwa limefungwa, nimkalishe kwenye kiti, aisikie yote kwa mara moja, mwanzo na mwisho. Akisikia mwanzo tu ataniua. Akifika mwisho, atanielewa. Namjua mama yangu." Nikaapa. Nikaapa kwa Biblia, kwa kaburi la nyanya yangu, kwa kila kitu kilichonijia mdomoni. Kesho yake alfajiri Zuhura aliondoka kwenda Thika kwenye harusi ya jamaa yao, na Bwana Githinji alikuwa amekwenda kwao Murang'a, kwa hiyo duka lote lilibaki mikononi mwangu.

Saa nne ikafika. Mimi nilikuwa na kwaya moja na wachunga ng'ombe wawili. Yule kijana wa ng'ambo alikuwa na disko mpya kabisa kutoka Amerika na spika mbili zenye kimo cha kabati. Barabara yote ikamhamia. Hata fundi viatu wangu alibeba kigoda chake akavuka. "Shiro! Funga duka uje ucheze!" kijana akapaaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Nilizunguka humo ndani, nikapanga majalada ambayo yalikuwa yamepangwa, nikafuta kaunta mara tatu. Nikajiambia: nitapiga wimbo wa kwanza wa Mwendo Mrefu, ule wanaoimba wanaume tu, halafu nitatoa. Wimbo mmoja una ubaya gani? Nikaweka sindano, nikafungua spika mpaka mwisho.

Walirudi. Huwezi kujua utamu wa kuona migongo ikigeuka na kuwa nyuso. Fundi viatu alirudi na kigoda chake. Watu walinunua, waliuliza ni bendi gani, walinisifu, na mimi nilifunga karatasi na kamba, nikifunga na kuchekacheka, na wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na sikuinua macho. Niliinua pale gitaa moja ilipobaki peke yake, na sauti ya Zuhura ikatoka ndani ya spika ikajaa barabara nzima. Wanaume walisema, "Msee, huyu dem ni nani?" na wakaendelea kuyumba mabega. Wanawake wa Majengo hawakuyumba. Muuza sukuma wiki alisimamisha kisu chake. Mama mmoja alifungua mdomo kusema jina, na mwenzake akamfinya mkono: "Nyamaza wewe!" Na hapo ng'ambo ya barabara nikamwona Mama Zuhura, kikapu cha mahamri kichwani, amesimama wima.

Alisikiliza bila kujikuna wala kupepesa. Mama, mlango wa uani umeufunga. Alilisikia hilo mbele ya soko zima. Upande wa kwanza ukaisha, sindano ikaanza kukwaruza katikati, kwa, kwa, kwa, na watu wakaanza kupiga kelele kama ilivyokuwa desturi: "Geuza! Geuza!" Mama Zuhura hakuondoka. Sasa najua alikuwa akingoja kama wao, maana hata yeye alijua kwamba wimbo wa namna ile haumaliziki kwenye malalamiko. Lakini mimi niliona tu uso wake, na nikafikiri kwamba nikigeuza, jina lake litatajwa hadharani na atazidi kuaibika. Niliinua sindano. Nikazima spika, nikafunga dirisha, nikawaambia watu spika imeungua. Walizomea wakavuka kurudi kwenye disko. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya kaunta, miguu ikinitetemeka hata nikaishika kwa mikono.

Jumatatu asubuhi aliingia dukani. Hakuwa amewahi kuingia kabla ya siku hiyo. Alitazama majalada moja moja kama mtu aliyeingia nyumba ya watu, na mimi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

"Ile ya Jumamosi," akasema. "Iko?"

"Iko, mama."

Nikampa. Herufi za Kizungu hakujua kuzisoma. Aliusoma msahafu wake basi. Aliigeuza geuza, akapitisha kidole juu ya picha ya wale wanaume.

"Ule wimbo wa mwisho," akasema taratibu. "Ndio umekwisha pale?"

Nilikuwa na sekunde mbili. Gramafoni ilikuwa nyuma yangu, sindano nzima, spika nzima, duka halina mtu. Ningesema, hapana, mama, kaa kwenye kiti hiki. Lakini nilifikiri: akisikia jina lake ataniuliza nimejua tangu lini, ataniuliza kuhusu taipu, ataniuliza leso ya nani ilitundikwa studio, na mahamri yake nimeyala Jumapili ngapi nikiwa na siri hiyo tumboni. Niliogopa aibu yangu mwenyewe, hakuna zaidi.

"Umekwisha pale, mama."

Akatikisa kichwa. "Haya. Nifungie." Nikamuuliza, kwa upumbavu, kama kwake kuna gramafoni. "Si ya kupiga," akasema. "Ya kuweka." Nikaifunga kwa karatasi ya kaki, nikaikaza kamba kwa lile fundo langu la mizunguko miwili. Aliibeba kifuani, chini ya buibui, akatoka.

Zuhura alikuja Jumatano, macho yamevimba. Mamake alikuwa amemwambia afungashe, anapelekwa Mombasa kwa shangazi yake. Hakupigwa wala kutukanwa, aliambiwa hivyo tu kisha halikusemwa neno jingine nyumbani. "Uliipiga," akaniambia. Nikasema niliipiga, kijana wa ng'ambo alinichokoza, nisamehe. Akaufunga mlango wa duka kwa mgongo wake. "Sikiza, Shiro. Hilo nitakusamehe, sasa hivi, kama utaniambia jambo moja. Uliipiga yote? Aliisikia yote?"

Nilijua anachouliza. Kosa la kuipiga lilikuwa limeshakubaliwa. La kuikatiza na la kusema uongo yalikuwa bado kwangu, na alinitazama kwa namna ambayo nilitaka yaishe upesi, aache kunitazama.

"Yote," nikasema.

"Na jina lake?"

"Na jina lake."

Aliteleza kwa mgongo kwenye ule mlango hadi chini, akafunika uso. "Basi amenisikia nikimshukuru," akasema, "na bado ananitoa." Nikamshika bega. Fikiria, nikamfariji! Ijumaa akapanda gari moshi. Huko Mombasa aliolewa na mtu mwema, akazaa, akauza vitambaa, na hakuimba tena hata kwenye harusi za wanawake. Wale mama wa Majengo, namna walivyo wajuzi wa kuficha, hawakumwambia mwanamume yeyote sauti ile ilikuwa ya nani. Albamu ilipigwa redioni mpaka Krismasi, lakini kwa Mama Zuhura hapakuwa na redio, na hakuna jirani aliyethubutu kuutaja wimbo ule mbele yake. Watu walikuja kunisimulia sehemu ya pili ilivyo tamu, ningewaambia nini? Desemba niliacha kazi. Bwana Githinji aliniuliza sababu, nikamwambia nina siafu miguuni, naye akarudi kwa ng'ombe wake.

Kwa hiyo juzi nilivaa nguo yangu ya heshima nikaenda Majengo. Nyumba nyingi pale sasa ni za ghorofa, lakini ile ya Mama Zuhura bado ni ileile, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa na mlango wa uani wa bati. Zuhura alikuwa amekaa mkekani, mzito, miwani usoni, mikono ya mamake kabisa. Santuri ilikuwa mapajani mwake. Alinikaribisha, akaniwekea chai ya tangawizi na mahamri, kwa sababu mgeni ni mgeni. Sikugusa kitu. Nikamwambia yote, Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, nikiyafuata kama nilivyoyaandika hapa, na mguu wangu haukutulia tangu mwanzo hadi mwisho.

Hakulia. Aliuliza pole pole, kama mtu anayepima kitambaa. "Yeye alisikia wapi mwisho?"

"Pale mlango unapofungwa."

"Na akakuuliza."

"Akaniuliza."

"Na mimi nikakuuliza." Alivua miwani. "Unajua nilikuwa nampigia simu kila Idi? Dakika mbili. Mama hujambo, sijambo, watoto hawajambo, basi nakata. Miaka yote hiyo. Nilisema moyoni, mwanamke huyu nilimpa kila nilichokuwa nacho, mbele ya watu, akakiona si kitu. Na yeye, Shiro, alikuwa amekaa hapa na hii chini ya leso zake, akidhani hakuna nililokuwa nalo la kumwambia ila lile la mlango." Nikaanza kusema nisamehe. Akainua kiganja kunizuia. Hakukuwa na hasira usoni mwake ambayo ningeweza kuikimbia, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi wowote.

Alifungua fundo langu kwa kucha, akaikunjua karatasi, akaitoa santuri. Ilikuwa mpya kabisa, inang'aa, haina mkwaruzo. Akaniwekea mikononi, upande wa pili ukitazama juu, akanionyesha kwa kidevu chumba cha mamake.

"Mimi umeshaniambia," akasema. "Nenda ukamwambie yeye."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikainuka, nikasukuma pazia. Kitanda cha kamba kilikuwa wazi, godoro limekunjwa na kuegemezwa ukutani, sanduku la mbao limefunguliwa, tupu. Nilisimama hapo na santuri ile, mwanamke mzima wa kuitwa nyanya, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, mguu wangu ukatulia. Nyuma yangu Zuhura alikuwa akingoja asikie.

"Mama," nikasema. "Haukuwa umekwisha pale."